Familia Tisini na Nne Kwenye Ghala la Mazoezi

Ofisi ya Makaburi
Jumatatu, 9 Mei

Mpwa wangu Bibi Mashine,

Nimeishinda kompyuta yako. Familia tisini na nne nimeziingiza peke yangu, kwa vidole vyangu hivi hivi, bila kukosea hata herufi moja na bila kumwita mtu.

Haya, uongo. Nimekosea mpaka kitufe cha kufutia kimechakaa maandishi. Mlinzi wa geti nimemwita mara kumi na moja, na mara nane kati ya hizo ni kwa sababu kipanya cha kompyuta kilianguka nyuma ya kabati, na mgongo wangu siku hizi hauinami bila kupewa taarifa wiki moja kabla. Lakini hiyo tisini na nne ni kweli. Kila familia iliyofika hapa kumdai mtu wake nimeiandika: jina la marehemu, safu, namba ya kaburi, jina la ndugu. Mlango wa kudai ulifungwa Ijumaa. Waliodaiwa watahamishwa kwa heshima, ndugu wakiwa wamesimama pale. Wasiodaiwa katapila litawachota wote pamoja na kuwatia kwenye shimo moja kule ng'ambo, kwa sababu barabara mpya ina haraka na wafu hawana. Orodha ataichapa Mkuu wa ofisi mwenyewe kumkabidhi nyapara wa barabara, na Ijumaa ya tarehe 27 saa mbili asubuhi kazi inaanza.

Wa kwanza kabisa kumwingiza alikuwa mama yako, dada yangu. Safu A, namba 12, pembeni kabisa, palepale barabara inapoanzia. Alipenda kukaa karibu na mlango tangu uhai wake, ajue nani kaingia na nani katoka.

Ule ujanja wako nao nimeutumia. Siku ya mafunzo tulikuwa kwenye ghala la mazoezi humo ndani ya kompyuta, unakumbuka, tukizika watu wa uongo. Mkuu nilimzika mara tatu. Ulipoondoka nikabonyeza Badili Ghala, nikachagua KWELI, na juu ya dirisha kubwa pakatokea neno KWELI kwa rangi ya kijani, bila kuzima kitu. Hapo umefanya la maana, maana mashine hii ukiizima huamka polepole kama Mkuu baada ya chakula cha mchana. Sijaifunga programu tangu uende zako. Jioni naifunika kitambaa, asubuhi naifunua.

Usijaribu kupiga simu. Waya wa simu ndio unaopeleka majina yangu huko makao makuu kwenye ghala la kweli, na kwa kuwa programu haifungwi, simu ya ofisi ina shughuli tangu mwezi wa nne. Mkuu anadhani watu wametuchoka. Sijamwambia.

Mjomba wako,
Mshindi wa Kompyuta


Makao Makuu
Ijumaa, 13 Mei

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kazini, nikacheka mpaka jirani yangu wa mezani akauliza kama nimepata habari njema. Nikamwambia mjomba wangu anazika watu. Hakuuliza tena.

Hongera kwa hizo tisini na nne. Naomba nikueleze kitu kidogo ili ujue kwa nini nauliza nitakachouliza. Ndani ya programu kuna mstari mmoja wa maandishi. Ndio unaoiambia iende ghala lipi: liko mashine gani, linaitwaje, neno la siri ni lipi. Kwenye programu nyingine mstari huo husomwa mara moja tu, programu inapofunguliwa. Ukitaka kuubadili, lazima ufunge kila kitu uanze upya. Kwa ajili yako, na kwa ajili ya hiyo mashine yako ya usingizi, niliufanya ubadilike programu ikiwa inaendelea. Ndiyo kazi ya kitufe cha Badili Ghala.

Sasa swali. Kabla ya kukibonyeza, ulifunga kila dirisha dogo, kama nilivyokuandikia kwenye karatasi ya njano?

Kuhusu siku ya kumhamisha mama, simamia wewe, Mjomba. Huku kazi imenibana sana.

Mpwa wako


Ofisi ya Makaburi
Jumatano, 18 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Karatasi yako ya njano naiheshimu sana. Nimeilaza chini ya kioo cha meza, na kila mgeni anayeingia namwonyesha, namwambia mpwa wangu ana mwandiko mzuri.

Sasa nikuambie kilichonitoa jasho. Leo Mkuu alikwenda mkutanoni, nami nikasema ngoja nichape orodha ya majaribio, nione kazi ya mikono yangu. Ile printa ikapiga kelele zake, ikatoa karatasi. Nimeisoma kwa miwani na bila miwani. Imeandikwa: waliodaiwa, sifuri. Wasiodaiwa, mia nne na kumi na wawili. Na wa kwanza kwenye hao wasiodaiwa, Safu A namba 12, ni mama yako.

Nikalirudia lile dirisha langu la kuingizia majina. Mama yako yumo! Jina lake, namba yake, na mimi ndugu yake chini yake, tumekaa vizuri kama kwenye picha. Nikiigeukia karatasi, hayupo. Dirishani yupo, karatasini hayupo. Mimi nimefanya kazi na watu wasiokuwepo miaka thelathini na moja, lakini huwa hawapo kwa utaratibu.

Ile karatasi nimeikunja nikaitia mfukoni kabla Mkuu hajarudi. Mkuu unamjua, dawa yake ni moja kwa kila ugonjwa: zima, washa. Feni ikilia, zima, washa. Mlinzi akichelewa, nadhani angependa kumzima na kumwasha.

Watu tisini na wanne walisimama foleni pale nje. Mmoja ni kikongwe aliyebebwa mgongoni na mwanawe. Niliwaambia wote, nendeni mkalale, mtu wenu yuko salama kwangu. Zimebaki siku tisa. Niambie mama yako yuko wapi.

Mjomba wako


Makao Makuu
Ijumaa, 20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Usihangaike. Nadhani ni dirisha la orodha limeganda. Funga programu yote, subiri kidogo, ifungue tena, chagua KWELI, uchape upya. Najua hupendi kuifunga, lakini mara hii nakuomba uifunge. Naikimbiza barua hii kwenye basi la saa nane.

Mpwa wako


Makao Makuu
Jumamosi, 21 Mei, saa kumi jioni

Mjomba,

USIIFUNGE PROGRAMU.

Kama barua yangu ya jana hujaitekeleza, ichane. Usifunge, usizime, usimruhusu Mkuu hata kupitisha mkono karibu na swichi. Basi la leo limeshaondoka na kesho hakuna basi. Barua hii itakufikia Jumanne asubuhi, nami sijui nitakaaje mpaka hapo. Nimepiga simu ya ofisi mara ishirini na saba. Ina shughuli, kama ulivyosema.

Sikiliza. Nimekaa leo na programu nyingine kama yako, nikafanya kile ninachodhani ulikifanya. Dirisha la kuingizia tulilifungua pamoja siku ya mafunzo, tukiwa kwenye ghala la mazoezi. Nadhani hukulifunga. Ulipobonyeza Badili Ghala, mstari ulibadilika, na kila dirisha litakalofunguliwa baada ya hapo litakwenda ghala la kweli. Lakini dirisha lililokuwa wazi tayari limeushika mkononi mstari wake wa zamani, na halina habari na mabadiliko. Juu pameandikwa KWELI kwa kijani, ila lile dirisha lako dogo, mwezi mzima, limekuwa likiandika kwenye mazoezi. Familia zote tisini na nne ziko kwenye ghala la mazoezi, Mjomba. Ghala hilo liko ndani ya mashine yako tu, siwezi kulifikia kutoka huku. Na nililitengeneza lijifute lenyewe programu inapofungwa, ili kila mazoezi yaanze kwenye meza safi.

Ndiyo maana nasema usifunge.

Kama bado liko wazi, fanya hivi. Liache dirisha la zamani lilivyo. Fungua dirisha jingine la kuingizia. Hilo jipya litakwenda ghala la kweli. Yaweke ubavu kwa ubavu: la kushoto unasoma, la kulia unaandika. La kushoto litakuonyesha mtu mmoja mmoja, ukianzia aliyeingia mwisho ukirudi nyuma kwa mshale. Usiguse kitufe kingine kwenye la kushoto. Usimwambie Mkuu mpaka umalize, atazima na kuwasha.

Mpwa wako


Ofisi ya Makaburi
Jumatatu, 23 Mei

Mpwa wangu,

Agizo lako la Ijumaa nimelitimiza. Nimefunga programu, nimesubiri kidogo kama ulivyosema, nimekunywa maji, nimefungua. Imeamka baada ya nusu saa, inanung'unika. Nimechapa. Bado sifuri.

Kwa hiyo dawa yako haikufaa, lete nyingine. Na uilete kwa miguu yenye mbio, maana wale wa barabara wameshaweka vigingi vyekundu Safu A. Kimoja kimesimama miguuni pa mama yako. Nimekisogeza hatua tatu. Nitakisogeza tena kesho.

Mjomba wako


Makao Makuu
Jumanne, 24 Mei

Mjomba wangu,

Barua yako ya jana imenikuta asubuhi hii. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini sakafuni.

Basi yamekwisha. Ukiipata hii utakuwa umeshaipata ile ya Jumamosi na umeshaelewa. Ulipoifunga, ghala la mazoezi lilijifuta. Wote tisini na wanne. Haukuwa ujinga wako, ulitii nilichokuagiza, na nilichokuagiza kilikuwa kibaya.

Kuna lingine ambalo sijakuambia. Lile tatizo la dirisha lililobaki wazi nilikuwa nalijua. Wiki moja kabla sijaja kwako nililiona kwenye majaribio. Nikaangalia saa, nikasema, nani ataacha dirisha moja wazi mwezi mzima? Badala ya kuirekebisha programu, nikaandika sentensi moja kwenye karatasi ya njano. Watu tisini na wanne nimewatundika kwenye sentensi moja, Mjomba, na mama akiwemo.

Je, lile daftari kubwa la zamani, uliendelea kuandika humo? Niambie uliendelea.

Nimemwomba bosi ruhusa nije, amesema baada ya tarehe 30. Sikumwambia sababu. Kesho namwambia, na sijui atanifanya nini.

Siwezi kufikiria lile shimo. Nikifumba macho naliona.

Mpwa wako


Ofisi ya Makaburi
Jumanne, 24 Mei, saa saba mchana

Mpwa wangu,

Kama umesimama, kaa. Kama umekaa, shika meza.

Nilikudanganya. Sikuifunga.

Ijumaa uliniandikia nifunge, mimi nikaitazama ile mashine, nikasema hii nikiilaza leo haiamki, itaniaibisha mbele ya Mkuu. Nikakaa nayo hivyo hivyo. Halafu nikawaza, nikimwambia mpwa wangu sijafunga, atanisuta kama mama yake alivyokuwa akinisuta. Basi nikaandika nimefunga. Hata yale maji sikuyanywa.

Leo asubuhi nimeipata barua yako ya Jumamosi kwa mkono wa dereva wa basi. Nimeisoma palepale stendi. Nikacheka peke yangu, dereva akaniuliza mzee vipi. Nikamwambia uongo wangu umeokoa watu tisini na wanne, na wewe ukweli wako umeshaokoa wangapi? Akawasha gari.

Na ndiyo, sikufunga lile dirisha dogo. Karatasi ya njano niliisoma nusu. Ile nusu ya juu.

Nimefungua dirisha la pili kama ulivyoelekeza. Yako mawili, ubavu kwa ubavu, yamefanana kama mapacha, mmoja mkweli na mmoja mwongo. Nimemwingiza mmoja kwenye la kulia, nikachapa orodha: waliodaiwa, mmoja! Nilitaka kupiga vigelegele, nikakumbuka Mkuu yuko chumba cha pili. Tangu hapo nimehamisha kumi na saba. Vidole vyangu viwili vinafanya kazi na vingine vinane vinatazama.

Tatizo jipya: getini wamebandika tangazo. Alhamisi saa sita mchana umeme unakatwa, wanahamisha nguzo kupisha barabara. Ukikatika, dirisha la kushoto linakufa, na aliyebaki humo anakufa mara ya pili. Nahesabu kwa kasi yangu: nitamaliza kwa chupuchupu. Ikiwa una njia ya mkato, leta.

Mjomba wako mwongo


Makao Makuu
Jumatano, 25 Mei

Mjomba,

Sijui nikutukane au nikuinamie. Nimelia mbele ya wenzangu wote. Sasa wanadhani umefariki.

Njia ya mkato haipo. Usiache, usinywe chai, usijibu mtu. Kompyuta hiyo haiwezi kufanya mambo mawili kwa pamoja, kwa hiyo usichape orodha tena, kila ukichapa inaganda.

Nakuomba kitu kimoja. Mshale ukiushikilia utakurudisha mpaka mwanzo kabisa. Nenda mpaka kwa mama, mwingize yeye kwanza. Halafu endelea na wengine. Tafadhali, Mjomba.

Mpwa wako


Ofisi ya Makaburi
Jumamosi, 28 Mei

Mpwa wangu,

Najua umekaa siku tatu na roho mkononi. Jana nisingeweza kuandika hata jina langu. Sasa nakueleza, na nakueleza kwa mpangilio, usiruke kusoma mwisho kama ulivyozoea.

Barua yako ya Jumanne, ile ya kilio, niliipata Jumatano nikaisoma mara moja tu. Daftari unaloliulizia ulilichukua wewe mwenyewe siku ya mafunzo, ukasema la makumbusho. Ile ya kusema nimtangulize mama yako ilifika Alhamisi saa nne na nusu asubuhi. Wakati huo nilikuwa nimebakiza kumi na mmoja. Nikaushika ule mshale, na kidole kilikuwa juu yake. Dirishani alikuwepo marehemu wa yule kikongwe aliyebebwa mgongoni. Nikasema, huyu nimruke nimfuate wa kwetu? Nikimruka umeme ukakatika, nitamwambiaje yule mwanawe, kwamba dada yangu alikuwa na haraka? Sikumtanguliza. Unaweza kukasirika, una haki, nami nakuambia tu nilivyofanya. Na nilijua muda unatosha.

Muda ulikuwa unatosha kweli. Saa tano na nusu nimefika tisini na moja. Wamebaki watatu, wale wa siku ya kwanza: mkunga wa zamani, baba wa mlinzi wa geti, na mama yako. Akaingia Mkuu na tai yake.

"Mzee, sogea. Umeme unakatwa, nachapa orodha sasa hivi."

"Mkuu, nipe dakika ishirini na tano."

"Za nini? Si ulisema umemaliza tangu mwanzo wa mwezi?"

Hapo alinishika pabaya, kwa sababu nilisema. Nilimsogezea kiti, nikamsifia tai, nikamwambia anaitwa getini. Hakuondoka. Akabonyeza. Printa ikaanza kukohoa, na mashine ikaganda kama ulivyosema. Mia nne na kumi na wawili, mpwa wangu, mstari mmoja mmoja. Nilisimama pale nikitazama saa ya ukutani na dirisha la kushoto. Mkunga alikuwa bado ananiangalia. Nikachukua kalamu nikaandika namba zote tatu kwenye kiganja, yake kutoka dirishani na zile mbili kutoka kichwani. Ukurasa wa mwisho ulitoka saa sita kasoro dakika mbili. Mkuu akagonga muhuri, akapeleka nakala ofisi za mji na nakala kwa nyapara. Saa sita kamili skrini ikafanya kidoa cheupe, ikazimika.

Nikamfuata nyapara na kiganja changu. Mtu mpole, ila kichwa chake ni cha zege.

"Mzee, mimi nafuata karatasi yenye muhuri. Kiganja hakina muhuri."

Walisema umeme utarudi jioni. Haukurudi.

Ijumaa saa mbili kasoro robo nikabeba kiti cha ofisi, kile chenye magurudumu. Kwenye udongo hakiendi, nikakibeba kichwani. Nikakiweka Safu A, namba 12, nikakaa. Dada yangu tangu utotoni alikuwa akinikataza kumkalia, sasa hakuwa na la kusema. Mkunga na baba wa mlinzi wako Safu H, kule mbali, katapila lisingewafikia kabla ya mchana. Wa kukaliwa alikuwa mmoja.

Katapila likaja mpaka likaniwekea kivuli.

"Mzee, toka. Karatasi inasema kumi na mbili haina mtu," akasema nyapara.

"Ina mtu. Ndiyo maana inaitwa kaburi."

"Inasema haina mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye huyu unayeongea naye. Nikusogezee nawe kiti?"

Vijana wa barabara wakacheka, yeye hakucheka. Akaniambia ana saa chache na mafuta ya katapila yanaungua. Dereva alisogeza lile jino lake la chuma likafika kama mita mbili na goti langu. Nakuandikia hivi nikijitia ujasiri, lakini ukweli ni kwamba nilikishikilia kiti kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nawaza, wakinibeba pamoja na kiti, vijana wanne watatosha, na mimi sina la kufanya.

Mkuu akafika mbio. "Unafanya nini? Unataka kuniaibisha?"

Nikamweleza mbele ya watu wote. Maghala mawili, dirisha moja, tisini na mmoja wameokoka, watatu wamebaki. Nikanyoosha kiganja, nilikuwa sijakiosha tangu Alhamisi. Nikamwambia, ongeza hawa kwa kalamu utie sahihi. Akasema hawezi, nakala imeshafika ofisi za mji, ikiwa orodha itabadilika lazima itoke kwenye mashine. Nyapara akasema basi anaendelea. Nikamwambia aendelee, aanze na mimi.

Tukakaa hivyo. Au tuseme nilikaa mimi, wao walisimama. Nyapara akapoteza uvumilivu, akawaita vijana wawili waninyanyue. Mmoja akanishika bega, akaniambia polepole, "Samahani babu." Nikamwambia, kijana, una mama? Akaachia. Mwenzake akajifanya anafunga kamba za viatu.

Saa nne na robo mlinzi wa geti akapiga kelele kutoka ofisini: "Umeme! Umeme umerudi!"

Sasa fikiria. Anayejua kuendesha programu ni mimi peke yangu. Nikienda, kiti kinabaki kitupu. Nisipoenda, karatasi haibadiliki. Nikamtazama Mkuu. Nikanyanyuka, nikamshika mabega, nikamkalisha.

"Mkuu, kaa hapa mpaka nirudi. Ukinyanyuka, yule pale anamchota dada yangu na jina lako litakuwa kwenye ukuta wa kila choo cha mji huu."

Na alikaa. Mpwa wangu, ulikosa kitu. Mkuu na tai, juu ya kiti cha magurudumu, katikati ya makaburi, katapila mbele yake, akiwaambia vijana wasivute sigara. Nimefanya naye kazi miaka tisa, jana ndiyo nilianza kumpenda.

Niliiwasha mashine. Iliamka kwa muda wake, sikuitukana. Nikafungua programu, nikachagua KWELI, halafu nikasoma karatasi yako ya njano yote, na nusu ya chini. Nikafungua dirisha jipya. Mkunga. Baba wa mlinzi, mlinzi mwenyewe akisimama nyuma yangu akipumua kama amekimbia. Kisha mama yako. Nililiandika jina lake kwa kidole kimoja, nikarudia kulisoma mara tatu, nikabonyeza Hifadhi. Nikachapa. Waliodaiwa, tisini na wanne. Mlinzi aliikimbiza ile karatasi kabla wino haujakauka.

Mkuu aligonga muhuri akiwa bado kitini, juu ya goti lake. Katapila likageuza.

Sasa mambo yetu mawili. Kwanza, Mkuu aliniuliza kosa ni la nani. Nilimwambia ni langu, niliacha dirisha wazi nikadanganya nimemaliza. Yote mawili ni kweli, sikuongeza kitu. Lile la majaribio uliyoyaona ukayanyamazia sikulitaja, na huyo bosi wako hana haja ya kulijua kutoka kwangu. Nimebakiza miezi minne kustaafu, watanifanya nini, wanikatie nywele? Wewe rekebisha programu. Dirisha lililo wazi ghala likibadilika, ama lifungwe lenyewe ama lipige kelele. Usiniandikie karatasi nyingine.

Pili, kwa hilo nililonyamaza, una fadhila yangu kichwani, na mimi si mtu wa kuacha fadhila ilale. Naitaka irudi. Ni ndogo. Mama yako anahamishwa Jumamosi ijayo, tarehe 4, saa tatu asubuhi. Fomu ya kuhamisha ina nafasi mbili za sahihi za ndugu. Ya kwanza nimeshaweka yangu. Ya pili Mkuu amesema yeyote anaweza kujaza, hata mlinzi, na mlinzi amejitolea. Nimemwambia aiache wazi.

Miaka kumi na moja umekuwa ukinituma mimi kaburini kwake badala yako, hata siku ya mafunzo uliishia ofisini, na sijawahi kukuuliza. Hata leo siulizi. Nakuomba sahihi tu, dakika moja. Panda basi la Ijumaa, uje na kalamu yako, maana zangu zote zinavuja.

Mjomba wako